Mjadala: Je, sinema ilizaliwa mwaka 1895, au historia yake ianzie kwenye vifaa vya kuchezea?

Ndugu wachangiaji, aliyenitangulia ameandika kwamba sinema ilizaliwa Paris tarehe 28 Desemba 1895, siku ambayo ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu zao fupi katika mkahawa wa Grand Café, na kwamba vilivyotangulia ni vitu vya kuchezea watoto tu. Napinga hoja hiyo.

Tukitazame kisahani alichokibuni Joseph Plateau, mwanafizikia wa Ubelgiji, mwaka 1832, wakati ambapo Simon Stampfer naye alikuwa akibuni kifaa cha aina hiyohiyo huko Vienna. Ni duara la karatasi ngumu lililochorwa ukingoni, tuseme mcheza dansi anayegeuka kidogo kidogo, na kati ya mchoro na mchoro pana mwanya mwembamba. Unasimama mbele ya kioo, michoro ikielekea kioo, unakizungusha na kuchungulia mianyani. Ukitazama juu ya ukingo, huoni ila rangi zilizovurugika; ukirudi kwenye mianya, mcheza dansi anazunguka. Kinachofanya kazi hapo ni lile giza fupi linalotenganisha picha moja na inayofuata, na giza la namna hiyo ndilo lililokuja kutegemewa na projekta za filamu. Kanuni hiyo, basi, ilikuwapo zaidi ya miaka 60 kabla ya Grand Café.

Hata tukisema kwamba kanuni haitoshi, kwamba lazima pawe na skrini na watazamaji waliolipa, bado yupo mvumbuzi Mfaransa, Émile Reynaud. Mwaka 1877 aliiacha mianya na kuweka vioo katikati ya silinda inayozunguka, yenye michoro upande wa ndani, picha zikang'aa zaidi; kisha, kuanzia tarehe 28 Oktoba 1892, katika Musée Grévin, jumba la makumbusho la sanamu za nta papo hapo Paris, akawa anaonyesha kwenye skrini hadithi alizozichora kwa mkono juu ya utepe mrefu wenye matundu, zikisindikizwa na muziki. Moja yao, Pauvre Pierrot, ilikuwa na picha zipatazo 500. Inauma kwamba baadaye, akiwa amekata tamaa, alizitupa nyingi katika mto Seine.

Atakayesema kwamba hizo hazikupigwa kwa kamera atueleze kuhusu katuni, ambazo nazo huchorwa na tunazilipia kiingilio katika majumba ya sinema. Hoja nzito zaidi, ambayo naiheshimu, ni kwamba Reynaud aliuendesha utepe wake mwenyewe kwa mkono na hakuwa na njia ya kuutolea nakala, ilhali filamu za akina Lumière zilinakiliwa na kusafirishwa nchi nyingi. Ni kweli, lakini hilo linaeleza jinsi sinema ilivyokuwa biashara kubwa, halielezi ilikoanzia.

Nawaomba wanaoshikilia mwaka 1895 watutajie, ukiacha picha za kamera, jambo moja ambalo mtazamaji wa Grand Café aliliona na mtazamaji wa Musée Grévin hakuliona.