Wasee, mnajuaje kwotabeki wa chuo ataweza NFL kabla ya drafti?

Ochi_SouthB

Wadau habari za jioni. Tuko na kagrupu ka WhatsApp pale kazini, tulianza kufuata NFL, ile ligi kubwa ya futiboli ya Marekani, juu ya jamaa mmoja wa uhasibu alisoma Texas akarudi akatuambukiza huo ugonjwa wote. Sasa kila mwaka kabla ya drafti, yaani ile siku timu zinachagua vijana wa chuo kwa zamu, kila mtu anachagua kwotabeki mmoja wa chuo, yule anayeongoza timu na kurusha pasi, anasema huyu ndiye atakuwa moto, misimu miwili ikiisha tunahesabu na wa mkia ananunua nyama Kenyatta Market, na si nusu kilo.

Shida yangu ni hii. Nikiangalia zile klipu za dakika nne kwa YouTube kila kijana ni mfalme, anarusha yadi 60 anadunga kifuani mwa mtu, muziki unapiga. Halafu ukisoma hao wataalamu, mmoja anasema mkono ni roketi, mwingine anasema miguu ni mibovu, mwingine ametoa rula anapima kiganja. Kwani kiganja ndicho kinacheza?

Nataka kujua mtu wa kawaida mwenye bando na TV anaangalia nini hasa. Msinitajie majina ya mwaka huu tafadhali, hao wasee wa grupu wanasoma humu ndani.

Mzee_Dauni_ya_Tatu

Ochi, wacha rula. Kiganja wanapima juu mpira ukilowa ama baridi ikikaza unateleza, lakini Joe Burrow alipimwa inchi 9 mwaka wa 2020, watu wakafanya ni kichekesho, na msimu wake wa pili akafikisha Cincinnati Super Bowl, fainali yenyewe. Kenny Pickett alikuwa na inchi 8 na nusu 2022, Pittsburgh hakutoboa, ila mtu akikuambia ni kiganja kilimwangusha huyo hakuangalia mechi.

Sasa sikiza. Zile klipu ni rangi ya shati. Ukienda Gikomba hununui rangi, unageuza kola kwanza. Kola ya kwotabeki ni dauni ya tatu (timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, hili ni la tatu) ikiwa imebaki yadi 8 ama 10, juu hapo uwanja mzima unajua ni pasi, hakuna kudanganya na kukimbia, na difensi inatoa vituko vyake vyote. Tafuta mechi nzima, uwe unaruka mbele hadi dauni za tatu peke yake, utaimaliza ukingojea chai. Na usifuate mpira, mwangalie yeye.

Nikupe moja uone. Kabla mpira haujatolewa anaona sefti wawili, mabeki wa mwisho, wamekaa nyuma kabisa, kila mmoja na nusu yake ya uwanja. Mpira ukitolewa tu, mmoja anashuka mbio kuja kuziba katikati na mwenzake anahamia kati kule nyuma, kwa hivyo ile pasi ya katikati kijana alikuwa amepanga imekufa, na yeye ana kama sekunde mbili na nusu kabla jitu la kilo 120 limfikie. Yule mbaya anairusha tu hiyo hiyo juu alishaamua tangu wakiwa kwa kikao, ama anaganda, anapigapiga mpira na mkono wa kushoto, miguu inakufa, kisha anatorokea kulia hata kama hakuna mtu amemgusa. Yule mzuri utaona kofia inageuka kutoka upande huu hadi ule, miguu inafuata macho, karuka kamoja kadogo, mpira umeshatoka. Unaweza kuta ni pasi ya yadi 9 tu na hakuna mtu ataiwekea muziki. Mimi hapo ndipo naweka pesa yangu.

HesabuNaMpira

Mzee umeongea vizuri lakini macho ya mtu yanaona kile moyo unataka, ndio maana hata skauti wanaolipwa wanachoma kila mwaka. Mimi naanza na swali moja la kuchosha: huyu kijana ameanza mechi ngapi chuoni?

Bill Parcells, yule kocha aliyeshinda Super Bowl 2 na Giants, alikuwa na masharti yake ya kwotabeki, awe wa mwaka wa mwisho, awe amehitimu, awe ameanza miaka 3, awe ameshinda angalau mechi 23. Watu wanaona ni mambo ya kizee lakini hebu cheki. Mitchell Trubisky alianza mechi 13 tu pale North Carolina, Chicago wakamchukua wa 2 kwenye drafti ya 2017 wakamwacha Patrick Mahomes, ambaye leo ni mmoja wa wakali wa ligi. Trey Lance alianza 17 pale North Dakota State, na 2020 juu ya korona alicheza mechi moja mwaka mzima, San Francisco wakatoa zamu 3 za kuchagua raundi ya kwanza ndio wampate wa 3 mwaka wa 2021. Alianza mechi 4 kwao, wakamuuza Dallas kwa zamu moja ya raundi ya 4. Na nani alichukua kiti chake? Brock Purdy, wa 262, mtu wa mwisho kabisa drafti ya 2022, ambaye alikuwa ameanza miaka 4 pale Iowa State na ameshaona kila aina ya ulinzi.

Bo Nix naye alikuja na mechi 61 za kuanza, rekodi ya vyuo, watu wakasema ah huyu ni mzee hana pa kukua, Denver wakamchukua wa 12 mwaka wa 2024 na mwaka ule ule wakaingia mchujo.

Kitu cha pili ni kuangushwa na mpira mkononi. Watu wanalaumu wazuiaji wa mbele kila saa, na kweli wanaweza kuwa wabovu, lakini ile tabia ya kukaa na mpira ukingojea muujiza huwa inahama na mtu. Caleb Williams akiwa USC kila mtu aliona anapenda kuzungukazunguka nyuma akitafuta kitu kikubwa, akafika Chicago akaangushwa mara 68 msimu wa kwanza. Sisemi ni mbaya, kipaji kipo na kimejaa, nasema deni alikuja nalo.

Kajamaa_Rongai

Mnaandika insha hapa na Tom Brady alikuwa wa 199, makwotabeki 6 walichukuliwa mbele yake mwaka wa 2000, akaenda akashinda Super Bowl 7. Hakuna mtu anajua kitu. Ochi funga macho uweke kidole.

HesabuNaMpira

Kajamaa, Brady na Purdy tunawataja kila siku juu ndio hao hao. Taja watatu wengine wa huko mkiani bila kugoogle.

Kajamaa_Rongai

Niko kwa matatu, mtandao ni mbaya 😂

Shiru_flegi

Naingilia hapo kwa sababu mimi hucheza flegi wikendi, ule mpira wa kuvuta kitambaa kiunoni badala ya kuangushana, na hiyo nafasi ya kwotabeki naishikilia, ingawa yetu ni watano kwa watano na hakuna mtu ananiangusha.

Kaka zangu hamjagusa kitu kinaitwa muda wa kutoa. Chuo mpokeaji huwa wazi kabisa, unamwona, unamrushia, anashika. NFL mtu wazi ni mtu ambaye ATAKUWA wazi, ukingoja umwone beki ashafika. Kwa hivyo angalia kama mpira unatoka kabla mpokeaji hajageuka. Simamisha video pale mkono unaanza kwenda mbele, angalia mpokeaji yuko wapi. Kama bado amempa kwotabeki mgongo na pasi inamkuta akigeuka tu, huyo kijana anajua anachofanya. Kama kila pasi inatoka mpokeaji akiwa amesimama amepunga mkono, ogopa. Mimi mwenyewe hii ndiyo ilinisumbua kuliko kitu kingine chochote, kurushia nafasi tupu unaona kama unatupa mpira bure.

Tena kuna kitu watu hawasemi, uwanja wenyewe haufanani. Zile alama za katikati ambapo mpira unawekwa, vyuo zimeachana futi 40, NFL ni futi 18 na nusu. Chuo mpira ukiwekwa pembeni unabaki na upande mmoja mpana sana, timu zinawatawanya wapokeaji huko na kijana anasoma nusu ya uwanja tu, akikosa anaangalia benchi kocha anamwonyesha ishara. Muulize kuhusu nusu nyingine hajawahi kuangalia. Ndio maana naheshimu yule anayeonekana akibadilisha mpango mwenyewe pale mbele, akiwaonyesha wazuiaji nani atakuja.

Na hesabu nazo zina vituko vyake. 2016 Mahomes akiwa Texas Tech walicheza na Oklahoma ya Baker Mayfield, akarusha mara 88, yadi 734, tachdauni 5, na wakapoteza 66 kwa 59. Watu wakasema hizo namba ni za mfumo, pale Lubbock, mji wa Texas Tech, hata askari wa geti angerusha yadi 400. Ukisoma karatasi ungempita. Ukiangalia unaona anatoa mpira akiwa ameinama, akiwa anakimbia kushoto, kona yoyote ya mkono.

Ochi_SouthB

Shiru hiyo ya kusimamisha video nimeijaribu saa hii, eh, inatisha, yule niliyekuwa nampenda anangoja hadi mtu apunge mkono kweli. Sasa na hii kombaini ya Indianapolis, pale vijana wanapimwa kabla ya drafti, na zile siku za kujionyesha chuoni? Niangalie ama nilale?

Mzee_Dauni_ya_Tatu

Lala. Kwa mabeki na wapokeaji zile mbio za yadi 40 zina maana, lakini kwotabeki pale anarusha akiwa amevaa kaptura, hakuna mtu anamfukuza, anajua njia ya kila mpokeaji. Brady alikimbia sekunde 5.28, picha yake ya siku ile inachekwa hadi leo. Upande ule mwingine kuna Zach Wilson, 2021 siku ya kujionyesha pale chuo cha BYU alirusha mpira mmoja akikimbilia kushoto akaupeleka mbali upande wa pili, video ikazunguka dunia nzima, Jets wakamchukua wa 2, miaka 3 ikaisha wakamhamishia Denver. JaMarcus Russell naye mkono wake ulikuwa wa ajabu, wa 1 mwaka wa 2007, Raiders, wakamwachilia 2010 na ligi ikamsahau. Kibaya chajitembeza, wahenga walimaliza.

Kitu kimoja tu cha kombaini kinafaa, urefu na uzito halisi, juu vyuo vinaongeza inchi bila aibu.

HesabuNaMpira

Mzee na Josh Allen utamweka wapi? Wyoming alikuwa anakamilisha asilimia 56 ya pasi zake, hesabu zangu zote zilisema hapana, na mkono na mwili ndivyo vilivyomfanya Buffalo wamchukue wa 7 mwaka wa 2018. Ule ule mwaka Josh Rosen, aliyeitwa fundi tayari wa kucheza kesho asubuhi, akaenda wa 10 na Arizona wakamtoa mwaka uliofuata.

Shiru_flegi

Hapo ndipo nilikuwa nakuja. Allen alipata kocha mmoja wa ofensi, Brian Daboll, misimu 4 mfululizo, wakamletea mpokeaji Stefon Diggs 2020, akajengwa. Rosen alipata wazuiaji wabovu, makocha wakafukuzwa baada ya mwaka mmoja, akaja kocha mpya na kwotabeki wake. Mahomes pale Kansas City alikaa nyuma ya mkongwe Alex Smith mwaka mzima akaanza mechi moja tu. Sam Darnold wa drafti hiyo hiyo ya 2018 alionekana takataka pale Jets, akazungushwa Carolina, akazungushwa San Francisco, 2024 akafika Minnesota kwa kocha Kevin O'Connell akashinda mechi 14. Mkono ni ule ule.

Kwa hivyo Ochi, kanuni ya grupu yenu ina kasoro, mnachagua kijana kabla hamjajua anaenda kwa nani. Nusu ya jibu liko kwa timu. Waambie mchague Ijumaa asubuhi, raundi ya kwanza ikishaisha, kwetu inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwa hivyo kufika mkiwa kazini majina yote yameshatoka. Angalia kocha ana mkataba wa muda gani, wazuiaji wa mbele wakoje, na kama kuna kwotabeki mkongwe wa kumkalia mbele. Bryce Young alikuwa wa 1 mwaka wa 2023, Carolina wakamfukuza kocha kabla msimu uishe, mwaka uliofuata akapelekwa benchi baada ya mechi 2. Wewe ungecheza aje hapo?

Ochi_SouthB

Hiyo ya Ijumaa nimepeleka kwa grupu, wawili wamekubali, yule wa uhasibu amekataa katakata, anasema ni kubadilisha sheria katikati ya mchezo. Mnisaidie na ya mwisho, mechi gani za chuo niangalie? Ziko nyingi hadi kichwa kinauma.

Mzee_Dauni_ya_Tatu

Za mapema zinaanza saa moja usiku wetu Jumamosi, ila Novemba wakirudisha saa zao inakuwa saa mbili, za kule California zinaisha Jumapili watu wakienda misa ya kwanza ama ya pili. Usisumbuke na za Septemba, huko timu kubwa zinapiga timu ndogo 60 kwa 3. Chukua za Novemba, akiwa ugenini, na mechi ile walipoteza. Kama kuna aliyoumizwa kifundo akacheza hivyo hivyo, anza na hiyo, mtu akiwa hawezi kukimbia ndio unaona kama anajua kusoma. Tatu zinatosha kwa kila kijana.

Kajamaa_Rongai

Na zikipatana na derby ya Gor na Ingwe?

Mzee_Dauni_ya_Tatu

Hizo za Marekani utazipata rekodi.