Kikundi cha ukoo, Ujiji: vita vya mbali na mlango wa nyumbani

[19:41] Idrisa: (video)

[19:42] Idrisa: Tazameni hizo ndege. Taifa kubwa halisubiri adui abishe hodi, linamfuata kwake. Marekani haijapigwa tena nyumbani kwa ukubwa ule tangu Septemba 2001. Mnaosema vita vya nje havina faida, hapo mnajibu nini?

[19:44] Mama Shukuru: Kabla hamjaanza, mchango wa harusi ya Mwanaidi mwisho Ijumaa. Mpaka sasa wametoa tisa tu.

[19:47] Shangazi Mwamvua: Idrisa baba, video za mabomu usitume usiku. Nikisikia ule mlio moyo wangu unaruka mpaka leo.

[19:48] Idrisa: Shikamoo Shangazi. Nisamehe, sikukumbuka.

[19:53] Shangazi Mwamvua: Marahaba. Ilikuwa Ijumaa, 7 Agosti 1998. Nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa watu kule Oysterbay, niko uani nafua. Saa nne na nusu asubuhi imepita kidogo. Nilidhani transfoma imelipuka, kisha nikaona vioo vya sebuleni vyote viko chini na mtoto wa mwenye nyumba kasimama katikati yake pekupeku, halii, ananitazama tu. Ubalozi wa Marekani ndio uliopigwa. Dar walikufa watu 11, na katika hao hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Nairobi siku hiyohiyo walikufa zaidi ya 200. Ugomvi ulikuwa wao na Osama bin Laden wa al-Qaeda, sisi tulikuwa kazini.

[19:55] Zaituni: Shangazi, hii hujawahi kutusimulia.

[19:55] Shangazi Mwamvua: Hamkuuliza.

[20:01] Idrisa: Shangazi pole sana. Lakini niruhusu niseme, kwa heshima. 1998 Marekani ilikuwa bado haijaingia Afghanistan. Baada ya Dar na Nairobi walirusha makombora kutoka mbali, Afghanistan na Sudan, wakatulia. Miaka mitatu baadaye wakapigwa New York. Kwa hiyo kutoingia ndiko kulikowaponza.

[20:09] Mwl. Haruna: Asalaam aleikum nyote. Nimetoka kusahihisha mitihani huku Kasulu, nakuta mmenifungulia darasa. Idrisa, hoja yako ina nguvu na sitaipuuza. Ila rudi nyuma kidogo uitazame ile tarehe. 7 Agosti 1990 ndiyo siku majeshi ya Marekani yalipoanza kupelekwa Saudia, Saddam wa Iraq alipoivamia Kuwait. Miaka minane kamili kabla ya bomu la Shangazi.

[20:10] Idrisa: Si waliitwa na wenyewe? Na Kuwait ilikombolewa.

[20:16] Mwl. Haruna: Waliitwa, na Kuwait ilikombolewa Februari 1991. Ile kazi mimi naitetea mpaka kesho: nchi imemezwa na jirani yake, Baraza la Usalama limeidhinisha, lengo moja, limetimia. Tatizo ni kilichofuata. Vita vimekwisha, askari wakabaki Saudia miaka mingine kumi na mbili, hadi 2003. Mwaka 1996 Osama alipotangaza vita dhidi ya Marekani, jambo aliloliweka mbele lilikuwa hilo, askari wa kigeni katika nchi ya Makka na Madina. Simpi haki, damu ya watu wa Dar na Nairobi iko mikononi mwake. Nasema tu kwamba wale askari waliwekwa pale kwa ajili ya usalama, na wakawa ndio wimbo aliokusanyia vijana.

[20:18] Zaituni: Kwa hiyo kuingia sawa, kukaa ndiyo kosa?

[20:19] Mwl. Haruna: Ningetamani iwe rahisi hivyo. Iraq ya 2003 kosa lilikuwa kuingia kwenyewe.

[20:20] Mama Shukuru: Tisa bado.

[20:27] Mwl. Haruna: Walisema Saddam ana silaha za maangamizi. Wakapekua nchi nzima, hazikuwepo. Mei 2003 wakalivunja jeshi la Iraq kwa amri ya karatasi moja. Fikiri, Idrisa, mwanamume ana bunduki, ana mafunzo, ana watoto, unamwambia kuanzia leo huna kazi wala heshima. Baadhi yao ndio waliokuja kuwa makamanda wa Dola la Kiislamu. Juni 2014 kundi hilo likaiteka Mosul, na Marekani ikalazimika kurudi kupigana na kitu ambacho 2003 hakikuwepo. Wakati huo ilikwishazika zaidi ya askari wake 4,400 huko. Sijawahesabu Wairaki, hao ni wengi mno.

[20:31] Idrisa: Iraq nakuachia. Afghanistan sikuachii. Kambi za mafunzo za al-Qaeda zilikuwepo, zikavunjwa. Osama aliuawa.

[20:36] Mwl. Haruna: Zilivunjwa, na ni katika miezi ile ya mwanzo, mwisho wa 2001. Hapo nakubali kwa moyo mweupe, ile miezi iliipunguzia Marekani hatari. Sasa nifuatilie. Osama aliuawa wapi? Abbottabad, Pakistan, Mei 2011, na kikosi kidogo kilichoingia na helikopta usiku kikaondoka kabla ya alfajiri. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa na askari karibu 100,000 ndani ya Afghanistan, nchi ambayo yeye hakuwemo.

[20:38] Mwl. Haruna: Na naibu wake, Zawahiri, aliuawa Kabul Julai 2022, kwa ndege isiyo na rubani. Majeshi yalikuwa yameondoka karibu mwaka mzima.

[20:40] Idrisa: Lakini hiyo inaonyesha pia kwamba walipoondoka tu, Taliban, watawala waliotolewa 2001, wakamkaribisha. Alikuwa amekaa mjini Kabul kabisa!

[20:41] Mwl. Haruna: Kweli. Hiyo umenipata.

[20:42] Idrisa: 😀

[20:44] Mwl. Haruna: Na mimi nakuuliza, miaka ishirini na askari wao zaidi ya 2,400 wamekufa, na bado siku ya kuondoka anarudi yuleyule uliyemtoa. Hiyo miaka kumi na tisa ya katikati ilinunua nini?

[20:52] Baba Mkubwa Kassim: Asalaam aleikum. Anayeandika ni Salma, Babu macho yanamsumbua, ananiambia kwa mdomo naandika. Anasema amesikia yote. Anasema Haruna anaongea vizuri lakini anaongea kama mtu wa kitabu.

[20:53] Mwl. Haruna: Shikamoo Baba Mkubwa. 🙏 Nakubali.

[20:54] Idrisa: Shikamoo Baba Mkubwa. Wewe ndiye nilikuwa nakusubiri. Sisi wenyewe si tulivuka mpaka 1979? Tukamtoa Amin. Je, hatukuwa salama zaidi baadaye?

[21:06] Baba Mkubwa Kassim: Babu anasema hivi. Amin ndiye aliyeingia kwetu kwanza, Oktoba 1978. Akatangaza kwamba Kagera ni yake, akavunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akatuambia uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na kila askari alielewa sababu ni ipi kwa sababu tulizikuta nyumba zimechomwa na ng'ombe wameswagwa. Mimi sikuhitaji mtu anichoree ramani. Kumtoa Amin katika ardhi yetu, hilo haliitwi kuingilia nchi ya watu.

[21:07] Baba Mkubwa Kassim: Babu anakunywa chai, subirini.

[21:19] Baba Mkubwa Kassim: Anaendelea. Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, tulikutana na Walibya. Ghaddafi aliwaleta kumsaidia Amin. Silaha zao zilikuwa kubwa kuliko zetu. Lakini vijana wale walikuwa wamepotea. Tulipowakamata baadhi walikuwa hawajui wako nchi gani, wanauliza maji kwa Kiarabu, na mimi niliyesoma madrasa Ujiji ndiye niliyekuwa nawatafsiria. Mmoja aliniuliza mimi ni Mwislamu kweli. Nikamwambia ndiyo. Akasema waliambiwa wanakuja kuwasaidia Waislamu. Alilia. Babu anasema andika hivyohivyo, alilia. Sasa Idrisa, Libya ilikuwa na mafuta, ina ndege, ni taifa lenye nguvu kwa Afrika. Kupeleka wale watoto Uganda kuliiongezea Libya usalama gani? Kati ya Tripoli na Lukaya kuna jangwa zima.

[21:22] Idrisa: Hapo sina jibu.

[21:24] Shangazi Mwamvua: Kaka hujawahi kuisema hii hata siku moja.

[21:25] Baba Mkubwa Kassim: Babu anasema hamkuuliza. 😊

[21:33] Zaituni: Mimi nauza dagaa, historia siijui kama Mwalimu. Lakini mnasema taifa kubwa, taifa kubwa, mbona hamtazami ng'ambo ya ziwa? Rwanda iliingia Kongo 1996, ikisema inafuata wauaji wa 1994 waliojificha kwenye kambi. Sababu ilikuwa ya kweli, wale watu walikuwepo. Tangu hapo ni miaka mingapi? Goma ikatekwa na waasi wa M23 Januari 2025, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakasema Rwanda iko nyuma yao, Rwanda ikakana, na maelezo ya usalama wake ni yaleyale, FDLR, kundi lililotokana na wauaji wale, wako pale mpakani. Kama ni dawa, mbona dozi haiishi?

[21:35] Mwl. Haruna: Zaituni umesema kwa mstari mmoja nilichokuwa nazunguka nacho tangu saa mbili.

[21:38] Zaituni: Nakisema kwa sababu nakiona. Bandarini Kibirizi pale mzigo ukipungua sihitaji kusikiliza redio. Mteja wangu mmoja alikuwa akija na mtumbwi kuchukua dagaa na kuniletea mawese, mwanamke mzima mwenye nyumba na duka. Siku moja kaja bila mzigo, na watoto wanne, wawili si wake. Nikamuuliza wa nani. Akasema walikuwa wamesimama ufukweni.

[21:39] Shangazi Mwamvua: Ya Rabi.

[21:46] Mwl. Haruna: Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996, mwezi uleule vita vile vilipopamba moto. Ilitengenezwa iwe ya muda. Sasa kuna watu waliozaliwa humo wana watoto wao humo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wanaopanga vita kwenye makao makuu huwa wanaona usufi. Kibondo, Kasulu, Kakonko ndiko unakopimwa uzito wenyewe.

[21:52] Idrisa: Sawa. Lakini hamjajibu moja, na hili linaniuma kweli. 1994 Rwanda hakuna aliyeingia kwa wakati kuzuia mauaji. Mataifa makubwa yalikaa pembeni yakiogopa yasije yakapata yaliyoipata Marekani Mogadishu, Oktoba 1993, askari 18 waliouawa. Watu karibu 800,000 wakafa kwa siku mia. Wangeingia mapema, hata FDLR isingekuwepo, wala Nyarugusu. Mkisema vita vya nje havileti usalama, mnawafungia mlango na hao.

[21:58] Mwl. Haruna: Hapana, siwafungii. Umeuliza jambo kubwa kuliko lile la video. Mwaka 1994 kuingia kungekuwa kwa ajili ya Wanyarwanda, kuwaokoa. Ingebidi mtu aseme wazi, naenda kuokoa watu, nitapoteza askari, sipati chochote. Tulipeleka vijana wetu Kongo 2013, na wenzetu wa Afrika Kusini na Malawi, M23 ikasambaratika mwaka uleule. Desemba 2017 tukapigwa kule Semuliki, tukapokea majeneza. Hakuna aliyesema tunalipiza, wala kwamba Kongo ni yetu. Kinachonikera ni taifa kwenda kwa ajili yake lenyewe, kisha likawaambia wananchi wake kwamba kila bomu linalodondoka mbali ni kufuli jipya mlangoni kwao. Hesabu haikubali. Libya 2011 Marekani na wenzake waliingia kuwalinda raia wa Benghazi, wakaishia kumwondoa Ghaddafi, hakuna aliyebaki kulinda maghala ya silaha. Mwaka uliofuata silaha ziko Mali, na balozi wa Marekani kauawa palepale Benghazi.

[21:59] Zaituni: Mji uleule waliokwenda kuuokoa?

[21:59] Mwl. Haruna: Uleule. 11 Septemba 2012.

[22:03] Idrisa: Mwalimu hata Kenya ukiitazama. Waliingia Somalia Oktoba 2011 baada ya utekaji kule pwani. Shambulio la jengo la maduka la Westgate likaja 2013, la chuo cha Garissa 2015, wakafa wanafunzi. Ila Mkenya atakwambia bila kuingia ingekuwa mbaya zaidi, na hakuna anayeweza kumthibitishia kinyume.

[22:05] Mwl. Haruna: Na hilo ndilo gumu. Anayepiga daima anaweza kusema ingekuwa mbaya zaidi.

[22:08] Mama Shukuru: Idrisa na Haruna mmeandika kurasa, mchango wenu siuoni.

[22:09] Idrisa: Natuma sasa hivi Mama Shukuru.

[22:09] Mwl. Haruna: Na mimi. Samahani.

[22:15] Idrisa: Baba Mkubwa kama hujalala. Hukumalizia swali langu. Baada ya Kampala, tulikuwa salama zaidi?

[22:29] Baba Mkubwa Kassim: Babu alikuwa ameshalala, nimemwamsha kwa ajili yako Idrisa. Anasema mpaka wa Kagera ulitulia, hilo asikudanganye mtu, watu walirudi mashambani. Tulichukua Kampala 11 Aprili 1979, tukashangiliwa, tukapewa ndizi. Halafu tukakaa. Uganda ikabadilisha rais na rais, wakaanza kupigana wenyewe, sisi tupo katikati hatujui tunamlinda nani. Mwalimu alisema tufunge mkanda miezi 18. Nimerudi hapa Ujiji namkuta mama yenu anapanga foleni ya sabuni alfajiri, na miezi 18 ilipita na foleni ikabaki.

[22:31] Idrisa: Ungeambiwa leo, ungekwenda tena?

[22:36] Baba Mkubwa Kassim: Amenyamaza. Subiri.

[22:41] Baba Mkubwa Kassim: Anasema mpaka Kyaka, hata na macho haya. Mpaka Kampala, amefikiri zaidi ya miaka arobaini na bado hajui. Anasema rafiki yake Athumani alibaki Lukaya, na Lukaya iko katikati ya hizo mbili.