Naomba ushauri: swichi ya siri ya kuzuia wizi kwenye gari la batani, nikate waya upi?

Wakuu, gari ni Toyota ya kuwasha kwa batani. Wezi wa kurefusha mawimbi ya ufunguo hawanipi shida: usiku ufunguo unalazwa (unaacha kutoa mawimbi) kwa kushikilia batani ya kufunga na kubonyeza ya kufungua mara 2, mpaka taa ndogo ya ufunguo imulike mara 4. Pochi za kuzuia mawimbi siziamini sana, huchakaa kwenye mkunjo.

Tatizo ni wizi wa kupitia nyaya za taa ya mbele, unaotuma amri moja kwa moja kwenye mtandao wa CAN, yaani nyaya ambazo kompyuta za gari huwasiliana kupitia. Hapo ufunguo kulala hakusaidii kitu.

Nikikata pampu ya mafuta kwa rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya volti 12, ampea 30, gari haliendi. Ila rilei ya bei poa ikilegea, injini inazima barabarani, tena labda nyuma yako kuna lori. Nikikata ishara ya breki inayokwenda kwenye kompyuta ya ufunguo, bila kugusa taa za breki, rilei ikiharibika inanizuia kuwasha tu, haizimi injini barabarani. Lakini Toyota nyingi zina njia ya dharura: batani ikishikiliwa sekunde 15 kwenye ACC (umeme wa redio na vifaa umewaka, injini bado), injini inawaka bila breki.

Mliofunga, mlikata wapi? Kuna anayekata waya wa stata, na kompyuta hairekodi hitilafu?