Probesheni Kenya: mtu husimamiwa kweli au huenda kusaini tu?

Mdadisi wa Makadara
Wakuu, Sura 64, yaani sheria ya probesheni, inataka nini hasa? Mtu akipewa probesheni, hiki kifungo cha nje, anarekebika, au anaripoti, anasaini daftari, kisha anarudi mtaani kwa yaleyale?

WakiliPwani
Kwanza tusichanganye. Probesheni ni miezi 6 hadi miaka 3 chini ya usimamizi wa afisa wa probesheni. Kutumikia jamii ni sheria nyingine, ya 1998: kazi ya umma bila malipo, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au hata zaidi iwapo hakimu anaona miaka 3 ama pungufu inatosha.

Na probesheni si msamaha. Kabla ya kutoa amri, hakimu humweleza mshtakiwa masharti kwa lugha nyepesi, naye akubali mwenyewe. Akiyavunja au akitenda kosa jingine, anaitwa au kibali cha kumkamata kinatolewa, na anaweza kuhukumiwa upya kwa lile kosa la kwanza.

Msimamizi K
Mambo huharibikia kwenye ripoti ya kabla ya hukumu, ile afisa anayomwandikia hakimu. Afisa anatakiwa afike nyumbani, aongee na familia, chifu na mlalamishi. Ripoti iliyoandikwa kwa kupiga simu mbili tu haitamwonyesha hakimu kwamba mlalamishi na mshtakiwa wanaishi ploti moja, au kwamba mjomba aliyeahidi kumpokea ana chumba kimoja na watoto watano. Wiki ya pili kijana amehama, simu yake imezimwa.

Kusaini pekee si usimamizi, hilo nalisema bila kusita. Afisa aulize analala wapi, anapata riziki kwa njia gani, anatembea na nani, pombe imepungua au la. Halafu aende akahakikishe.

Mdadisi wa Makadara
Na asiye na kwao?

Msimamizi K
Mahakama inaweza kuagiza akae hosteli ya idara ya probesheni, kama ile ya Shanzu, Mombasa. Nafasi ni chache, kwa hiyo afisa aulize mapema, kabla ya siku ya hukumu.

Neema_TZ
Kubana kupita kiasi nako kunadhuru. Utafiti wa miaka mingi, hasa Canada, unaonyesha kwamba mtu wa hatari ndogo akisimamiwa kwa ukali anaweza kurudia kosa zaidi: anapoteza kibarua kwa kuripoti kila mara, na kwenye benchi la kusubiri anazoeana na wahalifu wazoefu. Nguvu ielekezwe kwa wa hatari kubwa. Kibarua wa mjengo apangiwe siku isiyogongana na kazi, na akitaka kuhamia kaunti nyingine amwambie afisa kwanza ili usimamizi uhamishwe. Akiondoka kimya, ataandikwa mtoro hata kama alifuata kazi halali.