Naomba ushauri: uwajibikaji wa viongozi baada ya Fukushima

Habari zenu wakuu. Wenye ujuzi wa sheria au uhandisi, naombeni msaada.

Naandika tasnifu kuhusu uwajibikaji wa viongozi wa mitambo ya nyuklia, nimekwama kwenye Fukushima, mtambo wa nyuklia wa Japani uliopigwa na tsunami 2011. Mwaka 2008 makadirio ya ndani ya TEPCO, kampuni iliyoendesha mtambo huo, yalionyesha tsunami ingeweza kufika mita 15.7, ilhali eneo la vinu lilikuwa mita 10 tu. Onyo lilikuwa mezani miaka mitatu kabla ya maafa, na hilo linaniuma. Tena msimamizi wa usalama, NISA, alikuwa chini ya wizara ileile iliyoupigia debe umeme wa nyuklia.

Mahakamani, 2019 viongozi watatu wa zamani wa TEPCO waliachiwa huru katika kesi ya jinai. 2022 kesi ya wanahisa iliwaamuru wanne kulipa yen zaidi ya trilioni 13, lakini 2025 rufaa ikatengua. Nimesoma muhtasari wa hukumu hizo, bado sioni pa kusimamia.

Je, hoja yangu niijenge juu ya wajibu wa kiongozi kuona hatari mapema, au juu ya udhaifu wa msimamizi? Na mbali na mkurugenzi wa Chernobyl aliyefungwa 1987, mnajua kiongozi mwingine wa mtambo aliyetiwa hatiani?