Nimebana matumizi, bili imepanda! Hii tozo ya kila siku inatuumiza wenye kipato kidogo

Wakuu, naomba nitoe dukuduku langu, na mniwie radhi lugha ikiwa kali.

Bili ya kupasha joto nyumba imekuja. Matumizi yangu yamepungua kuliko msimu kama huu mwaka jana, wenyewe wameandika hivyo na kunichorea kigrafu cha kijani cha kunipongeza. Chini ya pongezi, kiasi cha kulipa kimepanda.

Nikapiga simu. Baada ya kusikilizishwa muziki mpaka sikio likachoka, kijana mmoja mpole (sina ugomvi naye, ni mwajiriwa tu) akanieleza kuwa bei ya uniti imepanda kidogo, ila kilichopanda zaidi ni tozo ya kudumu. Yaani ile pesa unayodaiwa kila kukicha kwa sababu tu bomba na waya vimefika kwako. Uwashe usiwashe, unadaiwa. Ulazwe hospitali mwezi mzima, unadaiwa. Nikamuuliza, sasa nibane wapi? Akanisomea ushauri: punguza joto kwa digrii moja, ziba nyufa za madirisha, vaa nguo nzito ndani.

Hapo mori ukanipanda.

Mwenye jumba la vyumba kumi na mimi wa chumba na sebule tunalipa tozo ileile. Kwake haionekani ndani ya bili, kwangu inakula sehemu kubwa. Chukua jumla unayolipa, igawanye kwa uniti ulizotumia, utaona kwamba anayetumia kidogo ndiye anayenunua joto kwa bei ghali zaidi. Kila ukibana, unakamua upande wa bili uliokwisha kukauka, na ule mwingine haujaguswa. Halafu wanathubutu kutuhubiria kuokoa nishati!

Wa mita za kulipia kabla ndiyo usiseme. Hita imezimwa kiangazi chote, tozo inajilimbikiza kimyakimya. Baridi ikianza, unaweka hela upate joto, mita inakata deni kwanza. Salio likiisha, nyumba inapoa, na kwenye hesabu za kampuni wewe hukukatiwa huduma, "umejikatia" mwenyewe. Uingereza kampuni zilifika hadi kuingia majumbani mwa watu kwa hati ya mahakama na kuwafungia mita hizo bila ridhaa yao, mpaka Februari 2023 zilipoambiwa zisitishe.

Najua wataalamu wetu wa uchumi watakuja hapa kusema bei ya gesi ni ya dunia nzima. Sawa. Ilianza kupaa 2021, na Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka uliofuata ikaruka kabisa. Sibishi. Ninachouliza ni nani alibebeshwa. Tubaki hapo hapo Uingereza: Aprili 2022 ukomo wa bei ya nishati majumbani (kiwango cha juu ambacho kampuni zinaruhusiwa kutoza) ulipandishwa kwa asilimia 54. Mwezi huohuo pensheni ya serikali ikaongezwa asilimia 3.1, kwa kuwa waliifuatisha mfumuko wa bei wa Septemba iliyotangulia. Someni tena hizo namba mbili. Bili inapanda kwa bei ya leo, pensheni inapimwa kwa bei za msimu uliopita. Mwenye mshahara ataomba nyongeza, atafanya ovataimu, atahama kazi. Mstaafu, au mtu anayeishi kwa posho ya ulemavu, ovataimu aifanye wapi?

Tena huo mfumuko wenyewe ni wastani wa kila kitu, hadi tiketi za ndege na televisheni. Anayemaliza hela yake kwenye kodi, chakula na joto hana faida yoyote televisheni ikishuka bei.

Turudi kwenye ile digrii moja. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2018 kwamba ndani ya nyumba kusiwe chini ya nyuzi 18 majira ya baridi, na wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Yule kijana hakuniuliza nyumba yangu ina nyuzi ngapi sasa. Nipunguze kutoka ngapi? Baridi inakaza mishipa ya damu, presha inapanda. Ukuta unyevunyevu unaota kuvu, mwenye pumu anateseka. Wengine wakishindwa kabisa wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha, na hewa ya kaboni monoksaidi, sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu ya kukuamsha. (Tafadhali, kwa shida yoyote ile, msifanye hivyo.)

Na nyufa? Nyumba si yangu. Mwenye nyumba ndiye mwenye ruhusa ya kuweka darini kinga ya kuzuia joto lisitoke na kubadilisha boila, lakini bili nalipa mimi. Atoe pesa yake ili mimi nipate nafuu? Labda sheria imlazimishe.

Misaada ipo, najua. Marekani wana LIHEAP, mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kulipa bili za nishati, tangu 1981, ila fungu lake linategemea Bunge kila mwaka na likiisha limeisha, wengi wenye sifa hawaambulii kitu. Uingereza mwaka 2024 posho ya wazee ya majira ya baridi iliondolewa kwa mamilioni, 2025 wengi wakarudishiwa. Mzee apange bajeti gani hapo?

Mimi nataka gharama ya mabomba na nyaya iingizwe ndani ya bei ya uniti, na uniti za mwanzo ziwe nafuu kwa kila kaya. Kuna aliyeniambia hilo litawaumiza wagonjwa wanaotumia mashine nyumbani na wenye hita kuukuu zinazokula umeme. Ana hoja, na hao wapewe punguzo lao moja kwa moja kwenye bili, kampuni si zinajua nani anatumia nini? Wakitaka kutudai hawakosi taarifa.

Sasa swali kwa waliowahi kupambana nao: kuna yeyote aliyefanikiwa kufutiwa tozo iliyolimbikizwa kiangazi? Ulimwandikia nani, na ulitumia hoja ipi? Barua yangu ya malalamiko nimeshaianza, natafuta pa kuipeleka pengine zaidi ya kwa hao hao wanaonidai.