Mjadala: Manowari ya Rufiji ilimalizwa na ndege au na mizinga?

Mleta mada: Wadau, kila ikitajwa Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 kisha ikajificha delta ya Rufiji, ubishi hauishi. Hoja yangu ni kwamba siku kikiwekwa kibao Mafia, walikokuwa na uwanja wa ndege Waingereza mwaka 1915, kiandikwe waziwazi kuwa ndege ndiyo iliyoimaliza. Bila ndege, monita za Waingereza (manowari ndogo za maji mafupi) Severn na Mersey zingeishia kupiga mikoko. Anayepinga aje na data.

Bamvua: Napinga. Ndege zilidondosha mabomu alfajiri ya 6 Julai na hayakuleta madhara yoyote. Kazi ilifanywa na monita. Hizi zilihitaji kina cha mita 1.7 hivi tu, ndiyo maana zikavutwa kutoka Malta mpaka huku. Meli kubwa zilizokuwa zikilinda midomo ya mto zisingeweza kupanda mle hata kwa maji makuu. Kila monita ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6, mikubwa kuliko ya sentimita 10.5 ya Mjerumani.

FundiGundi: Mkuu Bamvua, hiyo mizinga ililenga nini? Toka kwenye monita, Königsberg ilikuwa haionekani kabisa. Halafu watu huongea kama vile ndege ilichukuliwa tu ikaruka. Mwisho wa 1914 rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliletwa na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Rejeta ikaharibika, ikabidi itafutwe ya gari la Ford kutoka Mombasa. Meli aliiona, lakini Desemba akatekwa.

Februari 1915 zikaja ndege mbili aina ya Sopwith, nazo zikashindwa na joto. Hewa ya moto ni nyepesi: bawa linanyanyua kidogo, injini inapungua nguvu, na maboya ya kutulia majini yanang'ang'ania maji. Ukipakia mwangalizi na mabomu, haiinuki. Gundi nayo inalegea, mbao za propela zinaanza kuachana, maboya yanavuja. Zikafuata Short tatu. Hizo angalau zilipiga picha Aprili, ila hazikupanda juu vya kutosha, zikawa zinafikiwa na bunduki za kawaida. Tatizo lilipungua pale tu walipoachana na maboya: Juni zikaja Henri Farman mbili na Caudron mbili, za magurudumu, zikarukia uwanja wa Mafia.

Bamvua: Na tarehe 6 Julai Farman hizo hizo zilikuwa juu. Zaidi ya makombora 600 yakapigwa, na meli ikabaki inaelea. Mersey ndiyo iliyoumia. Ndege zenu zilikuwa wapi?

MorseKavu: Zilikuwa pale pale, kilichokosewa ni utaratibu. Siku ile monita mbili zilipiga kwa pamoja. Mwangalizi anaona vumbi na maji yakiruka, atajuaje lipi ni la Severn na lipi la Mersey? Akituma "punguza masafa", anayepunguza ni yule aliyekuwa sahihi. Makombora mengine yakimezwa na tope na mikoko hayaonekani kabisa.

Tarehe 11 wakabadili. Severn ilitia nanga na kupiga peke yake, Mersey ikawa inawavuta Wajerumani wailenge yeye. Juu alikuwa Cull akiendesha, Arnold akituma masahihisho kwa simu ya upepo. Makombora ya kwanza yalikwenda mbali. Arnold akayarudisha kidogo kidogo, na kwenye mpigo wa nane hivi likapata. Baadaye kipande cha kombora kikaipiga injini ya ndege. Cull akaanza kuteleza kushuka, na Arnold hakuacha kugonga Morse: aliendelea kusahihisha shabaha huku wanaomba mashua iwafuate. Walitua mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, Cull akazama nayo kabla ya kujinasua. Wote wawili walipona. Kwangu hiyo ni kazi ya ndege *na* mzinga. Ukivitenganisha unapata 6 Julai.

Mpagazi: Mnasahau kuwa meli yenyewe ilikuwa mgonjwa. Mitambo ya boila ilifunguliwa, ikakokotwa na Waafrika kwa maelfu nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, ikatengenezwa, ikakokotwa tena kurudi. Makaa hayakuwepo: meli ya kuyaleta ilipigwa Aprili 1915 ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Malaria ikala mabaharia. Na tarehe 11 waliolipua meli ni Wajerumani wenyewe, kwa kichwa cha topido, amri ya Looff, nahodha wa Königsberg. Cull na Arnold walipewa nishani ya DSO. Waliovuta boila kibao kitawataja?

Mleta mada: Boila zilirudi na kufungwa, mkuu, kwa hiyo haikufa kwa boila. Na Looff hakuamuru kulipua asubuhi, aliamuru baada ya mizinga yake kunyamazishwa. Nasimama palepale: ndege.

Mpagazi: Kunyamazishwa siku hiyo tu. Yote 10 ilitolewa majini, ikawekewa magurudumu Dar es Salaam, ikaendelea na vita nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Kwa hiyo kibao kikisema "iliimaliza", kiseme ilimaliza nini: meli, au mizinga yake?

Bamvua: Meli. Na kiandikwe "Severn" kwanza.